Tamasha la Filamu la Zanzibar na Hadhira Iliyobaki Nje ya Ngome

Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, linalojulikana zaidi kwa kifupi chake cha ZIFF na kwa jina lake la pili la Tamasha la Nchi za Jahazi, liliasisiwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Kwa zaidi ya robo karne limeleta Unguja filamu kutoka Bara Hindi, Uajemi, Ghuba, pwani ya Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi, na tuzo yake kuu, Jahazi la Dhahabu, inatambulika na waongozaji wa filamu barani kote. Ni matamasha machache sana ya filamu Afrika Mashariki yaliyodumu muda kama huo bila kuwa mali ya serikali. Hata hivyo, limekuwa likiandamwa na swali lilelile, kutoka kwa waandishi wa habari, kwa wafadhili na kwa Wazanzibari wenyewe: mbona usiku wa muziki Ngome Kongwe, uwanja mkuu wa tamasha, hufurika, lakini filamu zinapoonyeshwa ngazi za mawe hubaki na nafasi, na wengi wa waliokaa huwa ni wageni wa hotelini na watengenezaji filamu waliokuja kutazamana kazi zao?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Wazanzibari hawana mazoea ya sinema, au kwamba filamu za tamasha ni nzito kwao. Jibu hilo ninalikataa. Nikilipima kwa historia ya mji na kwa ratiba ya tamasha lenyewe, ninaona kwamba hadhira ipo na ilikuwepo miongo mingi kabla ya tamasha kuzaliwa. Kilichokosekana ni kuafikiana kati ya tamasha na maisha ya mji katika mambo matatu, yaani saa, kalenda na lugha. Mambo hayo yako ndani ya uwezo wa waandaaji kuyarekebisha, ingawa kila moja lina gharama yake.

Kwanza historia. Ukumbi wa Royal ulijengwa Vuga mwaka 1921 kwa mchoro wa J. H. Sinclair, Mwingereza aliyechora majengo kadhaa makubwa ya mji wa Zanzibar. Ukumbi huo uliteketea kwa moto katika miaka ya 1950, na mahali pake likasimama jengo jipya la Majestic. Darajani kulikuwa na Empire, na Malindi kulikuwa na Cine Afrique. Mwanahistoria Laura Fair, ambaye utafiti wake juu ya watazamaji wa sinema Tanzania ulichapishwa mwaka 2018, ameonyesha jinsi kwenda sinema kulivyokuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya mjini, na hasa jioni ya Jumapili, ambapo familia zilivaa na kutoka pamoja, tiketi zikaisha mapema, na waliochelewa wakanunua za kuruka, yaani za ulanguzi, kwa wachuuzi waliojua kabla ya siku filamu ipi ya Kihindi itagombaniwa. Wachukuzi, wake wa maofisa, wanafunzi na wafanyabiashara walikaa chini ya paa moja, ingawa si katika bei moja.

Jambo moja katika historia hiyo linastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi kuliko yote, nalo ni maonyesho ya zanana. Hayo yalikuwa maonyesho ya mchana kwa wanawake peke yao. Mwenye ukumbi aliyeyapanga alikuwa mfanyabiashara, wala hakuwa na mpango wa maendeleo wala ripoti ya kumwandikia mtu. Alichofanya ni kutambua kwamba nusu ya mji haiwezi kutoka usiku, au inaweza kwa ruhusa na masharti mengi, akaitafutia saa yake. Wanawake walikuja na buibui zao, wengine na watoto, wakatazama, wakalia na kuimba nyimbo za filamu pamoja na waigizaji, na wakawahi kurudi nyumbani kabla ya Magharibi. Ukumbi ulijaa katika saa ambazo vinginevyo ungekaa mtupu. Tamasha lililofuata baadaye lingeweza kuanzia hapo.

Hadhira hiyo haikupotea kwa siku moja. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, miongo miwili kabla ya Tanzania Bara kuwa na televisheni yoyote. Miaka ya 1980 ikaja mikanda ya video na maduka ya kuikodisha. Miaka ya 2000 zikaja diski za filamu za Kibongo zilizouzwa kwa bei ya mtu wa kawaida. Kumbi zikafifia moja baada ya nyingine: Empire ikageuzwa duka la vyakula, Cine Afrique ikaacha sinema, na Majestic ikachakaa kiasi cha kuhitaji kuokolewa. Kwa hiyo, wakati tamasha likikua na kupata sifa nje ya nchi, mji wake ulikuwa ukipoteza mahali ambapo mtu angeweza kwenda kutazama filamu Jumapili yoyote ya mwaka. Tamasha la filamu katika mji wenye kumbi hukusanya watu ambao tayari wana desturi ya kutoka nyumbani na kukaa gizani na wasiowajua. Tamasha la Zanzibar lilitakiwa kuizalisha desturi hiyo upya kila mwaka kwa siku tisa au kumi, kisha liiache ilale miezi kumi na moja na zaidi.

Kuna ushahidi kwamba mapenzi ya filamu yenyewe hayakwenda popote. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, maelfu kwa maelfu ya watu walifurika viwanja vya Leaders Club, Dar es Salaam, kumuaga, na nchi nzima ilisimama kufuatilia mazishi ya mwigizaji wa filamu kana kwamba ni mazishi ya kiongozi. Watu hao walikuwa watazamaji. Walikuwa wakitazama sebuleni kwao, katika vibanda vya video na katika mabasi ya mikoani, kwa Kiswahili, kwa saa walizozichagua wenyewe.

Sasa nirudi Ngome Kongwe, kwa sababu mahali hapo pana mengi ya kutufundisha. Ngome ni jengo la Waarabu wa Oman la mwishoni mwa karne ya 17, na ndani yake kuna uwanja wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia. Kwa sura hauna mfano. Mgeni anayeingia humo usiku, skrini ikiwa imesimama mbele ya kuta zile, hausahau. Lakini uwanja wa wazi hauwezi kuonyesha filamu mpaka giza liingie. Mwezi wa Julai jua la Zanzibar huzama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, na adhana ya Isha hufuata kama saa moja na nusu, kwa hiyo filamu kubwa ya usiku huanza kwa utulivu saa mbili hivi. Ikifuatiwa na nyingine, watu hutoka karibu saa sita.

Mfikirie mwanamke anayeishi Fuoni au Mwanakwerekwe, ambaye amesikia redioni kwamba kuna filamu njema na kwamba kiingilio cha mwenyeji ni kidogo. Ili afike saa mbili inampasa apike mapema, asali Magharibi, apande daladala mpaka Darajani, kisha akatize vichochoro vya Mji Mkongwe kwa miguu mpaka Forodhani. Filamu ya kwanza ikichelewa kuanza kwa sababu hotuba za ufunguzi zimerefuka, jambo ambalo ni la kawaida katika tamasha lolote, basi anapotoka daladala zimepungua au zimekwisha, na teksi ya kumrudisha Fuoni inagharimu mara kadhaa ya alicholipa mlangoni. Waandaaji wamekuwa wakipunguza kiingilio cha wenyeji, nao wanastahili sifa kwa hilo, lakini kiingilio kilikuwa sehemu ndogo kabisa ya gharama ya mwanamke huyu. Gharama yake kubwa ni teksi, na baada ya teksi ni maswali atakayoulizwa nyumbani kwa kurudi saa saba usiku kutoka mahali ambapo, kwa sifa iliyoenea mitaani, wageni hustarehe.

Tamasha halikuwa bila shughuli za mchana. Kulikuwa na programu za watoto na za wanawake, semina, na maonyesho ya ndani. Katika miaka ya mwanzo jumba la jirani la Beit al-Ajaib lilisaidia sana katika shughuli za aina hiyo, lakini jumba hilo lilizidi kuchakaa, likafungwa, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka na kuua watu wawili. Msiba huo ulikuwa mkubwa kwa mji mzima kwa sababu zinazozidi mambo ya filamu. Kwa tamasha, pamoja na kufa kwa kumbi za zamani, maana yake ni kwamba sehemu za kuonyesha filamu mchana, ndani, penye kivuli na viti vya kutosha, zilizidi kuadimika. Mzigo wote ukaelemea usiku wa Ngome.

Jambo la pili ni kalenda, na hapa sina budi kusema kwamba waandaaji walikuwa na kazi ngumu kuliko wakosoaji wao wanavyokiri. Tamasha lilizoeleka kuwa la Julai, msimu wa watalii, wakati wa kusi na hali ya hewa nzuri. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya jua, na katikati ya miaka ya 2010 uliikuta Julai. Zanzibar wakati wa Ramadhani hakuna anayeweza kufanya tamasha, wala hapaswi. Kwa hiyo mwaka 2014 lilisogezwa nyuma mpaka tarehe 14 hadi 22 Juni, kabla ya mfungo. Mwaka 2015 likasogezwa mbele, tarehe 18 hadi 26 Julai, likaangukia siku zilezile za Idi. Mwaka 2016 lilianza tarehe 9 Julai, sikukuu ikiwa bado haijatoka miilini mwa watu.

Mtu asiyeijua Unguja anaweza kudhani kwamba Idi ni fursa, kwa kuwa watu wana mapumziko na wamevaa vizuri. Ukweli ni kwamba Idi ya Zanzibar ina ratiba yake kamili ya siku nne. Jioni familia hushuka viwanja vya Mnazi Mmoja, watoto wana fedha za sikukuu mkononi, kuna bembea, vyakula, michezo na jamaa waliotoka shamba na Pemba ambao hawajaonana mwaka mzima. Umbali kutoka viwanja hivyo mpaka Ngome Kongwe ni wa kutembea, lakini hakuna baba atakayewatoa watoto kwenye bembea awapeleke kutazama filamu ya lugha wasiyoielewa. Kama pangewekwa skrini palepale viwanjani, mambo yangekuwa mengine.

Juu ya Ramadhani kukawa na mpira. Juni 2014 ilikuwa Kombe la Dunia la Brazil, na mechi za usiku zilikuwa zikioneshwa kwa saa zetu wakati ileile ambayo projekta ya Ngome ilikuwa ikiwashwa. Mwaka 2018 tamasha lilifanyika tarehe 7 hadi 15 Julai, maana yake lilianza siku ya robo fainali za Urusi na kumalizika siku ya fainali yenyewe. Nusu fainali zote mbili zilianza saa tatu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kwa kuwa saa za Moscow na zetu ni zilezile. Kijana wa Kikwajuni au wa Michenzani aliyekaa barazani mbele ya televisheni usiku huo alikuwa akitazama picha kubwa, pamoja na wenzake, kwa kelele na kwa hisia, bure, mita chache kutoka kwake nyumbani. Hadhira yote ya vijana wa kiume ambayo tamasha lolote la filamu duniani lingeitamani ilikuwa imekaa mahali pamoja, na tamasha lilikuwa mahali pengine.

Ratiba ya Kombe la Dunia hujulikana miaka mingi kabla. Mfungo hujulikana pia, kwa tofauti ya siku moja tu ya mwandamo. Tarehe za wageni wa kimataifa, za ndege na za hoteli ndizo zilizoshika usukani, na ninaelewa sababu, kwa maana mwongozaji anayetoka Mumbai au Ouagadougou anahitaji kujua mapema. Lakini tarehe zilizomfaa msafiri hazikumfaa kila mara mkaazi.

Kuhusu lugha, tatizo linajulikana na wote, na kwa hiyo nitazungumzia zaidi dawa yake. Filamu nyingi za shindano huja katika Kiarabu, Kifaransa, Kihindi au Kiingereza, zikiwa na maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Mtazamaji wa Unguja asiyesoma Kiingereza kwa kasi hubaki na picha peke yake. Chini ya uongozi wa Martin Mhando, mwongozaji na msomi wa filamu wa Kitanzania aliyeliongoza tamasha kwa miaka mingi tangu 2007, filamu za Kiswahili zilipewa nafasi na tuzo zake, na nyota wa Kibongo walipokanyaga zulia jekundu umati ulitokea bila kubembelezwa. Wapo waliolalamika kwamba ubora wa tamasha unashushwa. Naamini Mhando alikuwa na haki. Tatizo ni kwamba umati uliokuja kwa ajili ya nyota hao haukuvushwa kwenda kwenye filamu nyingine za usiku uleule, kwa sababu hakuna aliyeutafsiria.

Na utafsiri huo tunao. Katika vibanda vya video vya Tanzania walikuwepo wasimulizi waliozitia sauti ya Kiswahili filamu za Hong Kong, za India na za Hollywood, wakieleza, wakitania, wakiwabandika wahusika majina ya mtaani. Lufufu wa Dar es Salaam alijulikana kwa kazi hiyo kuliko waigizaji wengi. Uganda wanaitwa ma-VJ, na tamasha la Amakula la Kampala, lililoanza mwaka 2004, lilithubutu kuwapandisha jukwaani na kuwatambua kama wasanii wa sinema. Waongozaji wengine hawatafurahi kusikia sauti ya mtu juu ya sauti ya filamu yao, na wana haki ya kukataa kwa shindano rasmi. Lakini kwa onyesho la pili la filamu hiyohiyo, lililofanyika mchana Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, mbele ya watu ambao vinginevyo wasingeiona kabisa, sioni hoja ya kukataa yenye uzito.

Ambapo tamasha lilifanikiwa bila ubishi ni katika programu yake ya vijijini, ambayo kwa miaka mingi ilipeleka skrini na jenereta katika vijiji vya Unguja na Pemba. Huko mikeka ilitandikwa, watoto wakakaa mbele kabisa hadi vidole vyao vikagusa kitambaa, wanawake wakakaa pamoja upande wao, wazee wakaletewa viti, na hakuna aliyehitaji teksi kurudi nyumbani. Filamu zilichaguliwa kwa kijiji, mazungumzo yalifanyika kwa Kiswahili, na sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, alihusishwa tangu mwanzo. Kila kilichokosekana Ngome kilipatikana huko. Ajabu ni kwamba programu hiyo ilihesabiwa pembeni, kama huduma kwa jamii, wakati shindano na zulia jekundu vilihesabiwa kuwa ndiyo tamasha. Ilipokuwa lazima kupunguza bajeti, kilicho pembeni ndicho huwa cha kwanza kuguswa.

Fedha zinaeleza sehemu ya mpangilio huo. Tamasha limeishi kwa ruzuku za mashirika ya nje, yakiwemo Ford Foundation na Hivos, na kwa wadhamini wa biashara kama Zuku. Katika ripoti wanazoandikiwa wafadhili wa namna hiyo hutajwa idadi ya filamu, ya nchi zilizoshiriki na ya wageni waliofika. Wala kujaza Ngome peke yake hakutoshi: Sauti za Busara, tamasha la muziki linalofanyika palepale kila Februari tangu 2004 na ambalo hujaza uwanja kweli, lilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Kwa hiyo sidai kwamba wenyeji wakija kwa wingi tamasha la filamu litajitegemea. Ninachodai ni kwamba tamasha lenye wenyeji lina mtetezi mwingine zaidi ya mfadhili, yaani mji wenyewe, na pale ruzuku inapokatika hiyo ni tofauti kubwa.

Matoleo ya karibuni yamekuwa mafupi, siku nne au tano badala ya tisa au kumi. Wengi wameliona hilo kuwa dalili ya kudhoofika. Mimi naona linaweza kutumika vizuri, iwapo siku zilizopunguzwa Ngome zitarudishwa mjini katika mwaka mzima: onyesho moja la mchana kila mwezi katika ukumbi wenye paa, upande wa Ng'ambo, la wanawake na watoto kwanza, na msimulizi wa Kiswahili, na filamu zilizokwisha kushinda Jahazi la Dhahabu ambazo Wazanzibari wengi hawajaziona hata mara moja. Mabasi mawili ya kukodi yanayosubiri Forodhani saa nne na nusu usiku, moja la Fuoni na jingine la Bububu, yanagharimu kidogo kuliko karamu ya ufunguzi. Na mlangoni pawe na daftari linaloandika shehia anayotoka mtazamaji, si nchi yake tu, ili baada ya miaka mitatu ijulikane kwa uhakika nani anakuja, kutoka wapi na kwa filamu ipi.

Kalenda kwa sasa iko upande wa waandaaji, kwa kuwa Ramadhani imeshasogea mbali na Juni na Julai na haitarudi huko kabla ya miaka ya 2040. Mpira haujasogea. Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika limepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania, na safari hii kelele za barazani zitakuwa za nyumbani. Tarehe za tamasha za mwaka huo zinafaa kupangwa pamoja na watu wa mpira, wenye daladala na masheha wakiwa mezani, kabla hata tiketi moja ya ndege ya mgeni haijakatwa.